Vioo vya Gari Vilivyofungwa

Nilikuwa namsuka mjukuu wangu barazani kwangu, mtaa wa Alunguli hapa Kindu, nikasikia harufu ya sigara kwenye nywele zake. Sikuiamini pua yangu. Nilimwinamisha kichwa nikanusa tena, karibu na shingo. Ilikuwa sigara kabisa, ile inayolala ndani ya nguo hata baada ya kufuliwa. Mtoto mwenyewe alikuwa hajafikisha umri wa kuanza darasa la kwanza. Nilimuuliza ametoka wapi, akasema, "Ndani ya gari ya papa."

Papa huyo, baba yake, ni mkwe wangu, mume wa binti yangu wa kwanza. Ni mtu mzuri. Naanza na hilo kwa sababu mambo nitakayosimulia yanaweza kumfanya aonekane mbaya, na si mbaya. Anafanya biashara ya mchele na mawese kwenye njia ya Kalima, hanywi pombe, anaswali, na hajawahi kumwinulia binti yangu mkono. Alikuwa amenunua gari dogo la kijivu, la mtumba, lililotufikia kwa taabu kutoka Bukavu. Kwetu watu wanatembea kwa miguu au wanapanda pikipiki. Mwenye gari la kwake anajulikana yeye na babu yake. Kila asubuhi alikuwa anampeleka mtoto kwenye shule ya watoto wadogo, iliyo katika uwanja mmoja na shule ninayofundisha mimi, kisha anaendelea na shughuli zake. Vioo alivifunga kwa sababu ya vumbi. Na ndani ya vioo hivyo alivuta.

Nilimaliza kusuka. Mama mkwe hamkaripii mkwe wake, hata hamtazami sana usoni, ndivyo tulivyolelewa. Lakini siku ile mikono ilinichoka mapema, na nilijua sababu. Mimi mwenyewe niliwahi kukaa ndani ya gari la namna hiyo.

Vita vilipoikaribia Kindu nilikuwa msichana ambaye bado anaruka kamba. Baba yetu alikuwa amekwisha kufariki, na aliyebaki kutuangalia alikuwa baba mdogo, yaani mdogo wake. Alikuwa dereva tangu ujana, na alikuwa na kamioneti yake nyeupe iliyokula kutu milangoni. Wanajeshi walikuwa wanachukua magari ya watu, kwa hiyo aliyang'oa magurudumu, akalifunika gari kwa matawi ya michikichi nyuma ya nyumba, akawaambia majirani kwamba limekufa. Siku milio ya bunduki iliposikika ng'ambo ya mto tangu alfajiri hadi adhuhuri, aliyarudisha magurudumu na kutuambia tupande. Tulikuwa tunakwenda Obokote, upande wa Lubutu, kwa ndugu za mama.

Nyuma walipanda majirani na mafurushi yao. Mbele alikaa baba mdogo kwenye usukani, mama karibu na mlango na ndugu yangu mdogo mapajani, na mimi katikati yao, magoti yameelekea upande ili yasizuie gia. Ndugu yangu alikuwa mtoto aliyeanza juzi tu kusema maneno yanayoeleweka. Alikuwa na kifua tangu kuzaliwa. Tuliita hivyo tu, kifua. Neno pumu nililijifunza baadaye sana, nilipokuwa nasomea ualimu.

Baba mdogo alikuwa amebeba sigara nyingi kuliko chakula. Mwanzoni mama alinung'unika, kisha tukaona maana yake. Njia nzima ilikuwa barieri. Pengine mti umelazwa katikati ya barabara, pengine kamba tu, pengine vijana wawili na bunduki moja wamekaa kwenye kreti ya bia. Kila tulipoona barieri mbele, baba mdogo alipunguza mwendo, akafunga vioo vyote, akawasha sigara. Alisema kwamba mkono ukiingia dirishani hautoki bure. Na kuhusu sigara alisema, "Muntu anayevuta hana haraka, na muntu asiye na haraka hana kosa." Alipofika pale alishusha kioo upana wa vidole, akamsogezea mwanajeshi pakiti, wakavuta pamoja, mmoja ndani na mwingine nje, wakaulizana habari kama watu waliosoma shule moja. Kisha mti uliondolewa. Kioo kilipanda. Moshi ulibaki na sisi.

Nilimwona mama akimfunika mtoto uso kwa kitenge. Hakusema kitu. Gari halikuwa lake, ndugu wa kumtetea hakuwa naye pale, na yule mwenye gari alikuwa ndiye anayetuokoa. Mtu anayekuokoa unamwambiaje kwamba anakuumiza? Baba mdogo naye, baada ya kila barieri, hakuizima ile sigara. Aliimaliza. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kuona mguu wake wa kulia ukitetemeka juu ya pedali ya mafuta. Mikono ilikuwa imetulia, ya kuonyeshwa watu. Mguu ndio ulioogopa.

Tulikuwa tumeipita Kalima tayari, na mvua imeanza, ndugu yangu alipobadilika. Kwanza alikohoa, halafu akaacha kukohoa, na kule kuacha ndiko kulikomtisha mama. Mabega yalikuwa yanapanda kila anapotafuta hewa. Shingo iliingia ndani pale chini ya koo. Midomo yake ikawa na rangi niliyokuwa sijaiona kwa mtu.

"Shemeji, simamisha gari," mama alisema.

Baba mdogo alijibu kwamba pale hapasimamiwi, kuna msitu pande zote na hatujui nani yumo. Mama alirudia, kwa sauti ileile ya chini, kwamba asimamishe. Kisha akashika mkono wa mlango huku gari likienda. Hapo baba mdogo alikanyaga breki, watu wa nyuma wakagonga bati la kichwani kwetu wakiuliza kuna nini.

Tuliteremka kwenye mvua. Palikuwa na nyumba chache za udongo na kahawa imepandwa hadi karibu na milango. Mama mmoja mzee alitoka, akamtazama mtoto mara moja, akarudi ndani bila kuuliza tunatoka wapi. Alileta kahawa nyeusi ndani ya kikombe cha bati, nzito, bila sukari, akamnywesha mtoto kidogo kidogo huku mama akimkalisha wima. Sijui kama ni kahawa, au ni hewa, au ni kule kukaa wima. Tulikaa chini ya mchirizi wa nyumba yake hadi mvua ilipokatika, na polepole shingo ya ndugu yangu ilianza kutulia.

Baba mdogo alikuwa amesimama mbali, kwenye kahawa, anavuta. Mama alimwendea. Nilimfuata nyuma kwa sababu niliogopa kuachwa, ndiyo maana niliyasikia waliyosema. Mama alimwomba asivute tena ndani ya gari. Alimwomba vizuri, kwa heshima, kama mke wa kaka anavyomwomba shemeji. Baba mdogo aligeuka kumtazama. Macho yake yalikuwa mekundu, na sikujua kama ni moshi au ni usingizi.

"Shemeji," alisema, "weye unaona mimi niko naua mutoto. Mimi naona sigara hii njo inamupitisha. Wote wawili tunasema kweli."

Tulipopanda tena, alivuta tena, kwa sababu mbele kulikuwa na barieri nyingine. Tofauti ilikuwa moja: baada ya kupita aliitupa nje na kufungua vioo, hata palipokuwa na mvua. Tulifika Obokote tumelowa, na ndugu yangu yu hai.

Sisemi kwamba sigara ile ndiyo iliyompa pumu. Alizaliwa nayo. Wala sisemi kwamba baba mdogo alikosea kutupitisha vile alivyotupitisha. Wengi waliojaribu kwa miguu wiki zile hatukuwaona tena. Alirudi Kindu kuchukua watu wengine, na wanajeshi wakalichukua gari njiani, yeye akafika kwa miguu, amekonda. Vita vilipokwisha alikuwa anakohoa. Aliendelea kukohoa na kuvuta hadi alipofariki, na hakuna aliyempima, kwa hiyo kila mtu alisema sababu yake. Mimi niliacha kutafuta sababu. Nilimlilia tu.

Kwa hiyo niliponusa nywele za mjukuu, sikuwa na hasira. Nilichoka. Nilifikiri kwamba sasa hakuna mti barabarani kati ya nyumba ya mkwe wangu na shule. Hakuna mtu wa kupitishwa mahali. Ni dakika chache za vumbi na mashimo, na mtoto ameketi nyuma akiimba wimbo wa herufi.

Nilitumia njia ya adabu kwanza. Nilimwambia binti yangu. Alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, hakuinua kichwa. Alisema, "Mama, gari ni yake," na niliposikia vile alivyolisema, niliona mama yangu na kitenge chake. Nikamwendea dada mkubwa wa mkwe wangu, kwa sababu ujumbe wa namna hiyo hupitia kwa dada. Alinisikiliza, akacheka kidogo, akaahidi kumwambia. Baada ya siku kadhaa jibu lilirudi: amesema atakuwa anafungua kioo. Na kweli alikifungua, kile cha upande wake. Mwenye kukaa nyuma anajua upepo huo unakwenda wapi. Nywele za mtoto ziliendelea kunuka.

Karibu na wakati huo watu wa redio ya mjini walifungua mjadala asubuhi: je, iwekwe sheria ya kukataza watu kuvuta ndani ya magari yao wakiwa na watoto? Watu walipiga simu hadi kipindi kikapita muda wake. Sisi walimu tuliuendeleza chini ya veranda wakati wa mapumziko. Mwenzangu mmoja, mwanamke mwenye watoto wengi, alisema iwekwe leo, hata jana. Mwalimu wa darasa la sita, mtu mwenye maneno ya taratibu, aliuliza nani atakayeisimamia. Alisema sheria mpya kwetu ni barieri mpya. Polisi wa njiani atanusa ndani ya gari lako, hata kama huvuti, atasema ananusa sigara, na utafanyaje, umpe pua yako? Tulicheka kwa sababu ilikuwa kweli. Mwingine akasema watoto wetu wanalala jikoni penye makaa, wanabebwa mgongoni mama akipuliza moto, wanapita kwenye vumbi la malori. Mbona tunahangaikia sigara ya wenye magari, ambao tunaweza kuwahesabu?

Mimi pia napika kwa makaa, na mjukuu wangu hukaa karibu. Nilisema tu kwamba moto wa jikoni tunapikia chakula cha huyo mtoto, na jikoni kuna mlango, akikohoa atatoka. Ndani ya gari mtoto hawezi kutoka. Wala hawezi kuteremsha kioo kama mkono haufiki. Mwalimu wa darasa la sita alitikisa kichwa kukubali, lakini akasema, mama, hilo ni la moyoni, halihitaji polisi. Kengele ikagongwa tukarudi madarasani.

Halafu ukaingia mwezi wa Ramadhani. Nyumbani kwa mkwe wangu wanafunga wote isipokuwa mtoto. Wiki ya kwanza haikuisha nikagundua jambo: nywele zilikuwa safi. Nilimnusa tena asubuhi nyingine, alipokuwa akinikimbilia uwanjani na mkoba mgongoni, na nguo zake zilinuka sabuni na vumbi tu. Kikohozi chake cha asubuhi, ambacho binti yangu alikuwa anasema ni baridi ya mto, kilipungua. Mwezi mzima alikuja hivyo. Baada ya Idi harufu ikarudi, na kikohozi kikarudi nyuma yake.

Ndugu yangu mdogo alikuja kututembelea baada ya sikukuu. Sasa ni mtu mzima, anaishi Lubutu, anatengeneza simu na redio, ana mke na watoto. Ukimwona amekaa humdhanii kitu. Akipanda ngazi za kanisa au za ofisi ndipo utaona anasimama katikati, anajifanya anatazama mazingira. Mkwe wangu, kwa ukarimu, alisema atampeleka sokoni yeye mwenyewe, si vizuri mjomba apande pikipiki. Waliondoka asubuhi, mtoto yuko nyuma, wampitishe shule kwanza.

Kilichotokea nilisimuliwa na wote wawili, na hawakutofautiana. Mkwe aliwasha sigara walipoingia barabara kubwa. Alikuwa amefungua kioo chake, kama alivyoahidi. Ndugu yangu alivumilia kidogo, akakohoa, kisha akamwomba asimame. Aliposimama, ndugu yangu aliteremka, akafungua mlango wa nyuma, akamteremsha na mtoto, akamshika mkono. Akasema asante, tutatembea. Hakusema zaidi. Nadhani hakuwa na hewa ya kusema zaidi. Walikuja shule kwa miguu, wakipumzika njiani, na mtoto alifurahi kwa sababu alioneshwa mjusi.

Saa tisa mkwe wangu alikuja kwangu. Alikaa kwenye kiti cha mbali, macho chini, kama inavyotakiwa. Alikuwa ameumia. Alisema mjomba wa Lubutu amemwaibisha barabarani mbele ya watu, ameshuka garini mwake kama garini mwa mchawi, na kama ana kosa basi aambiwe kosa. Alisema gari ni kama nyumba. Mtu anavuta nyumbani kwake.

Nilipaswa kumwambia nitaongea na dada yake. Nilikuwa nimechoka na dada yake. Nilivuta kiti nikakaa mbele yake, karibu, jambo ambalo sijawahi kulifanya, na nikamtazama. Nilimsimulia kamioneti nyeupe, mvua, shingo ya ndugu yangu, na kahawa ya yule mzee. Nilimwambia kwamba huyo aliyeshuka leo ndiye mtoto yule. Hakuwa anajua. Watu hawasimulii mambo hayo kwenye harusi.

Kisha nikasema, "Mwezi muzima wa Ramadhani gari yako haikunuka. Kama unaweza kumuachia Mungu sigara tangu alfajiri mupaka magaribi, mutoto naye unaweza kumuachia tangu kwako mupaka masomo."

Nilisikia jirani akitwanga mpunga. Mwishowe mkwe wangu alisema, "Nimesikia, mama," akainuka, akaondoka bila kuaga vizuri. Sikujua kama nimeharibu ndoa ya binti yangu.

Sikuiharibu. Kwa muda mfupi hakuniletea mtoto wikiendi, na binti yangu alikuja peke yake, akaniambia nyumba imekuwa baridi kidogo lakini itapata joto. Ndugu yangu alirudi Lubutu. Kabla ya kuondoka alikwenda kumuaga mkwe, wakanywa chai, hawakuzungumzia lile jambo. Kisha siku moja binti yangu aliniambia, kama anayezungumzia hali ya hewa, kwamba mume wake sasa hasogezi gari hadi amalize sigara yake nje. Na akiitaka njiani, anasimama, anateremka.

Hakuacha kuvuta. Bado asubuhi nyingine nasikia harufu, hafifu, kwenye mkono wa sare ya mtoto, pale anapomshika kumvusha barabara. Viti vya gari pia vimekunywa moshi wa siku nyingi, havitoi haraka. Nikiulizwa leo juu ya ile sheria, nasema iwekwe, ingawa najua polisi atakavyoitumia, na ingawa najua haitafika kwenye magari mengi. Watoto wengi hawana bibi anayefundisha kwenye uwanja wa shule yao. Sina maneno makubwa zaidi ya hayo, na nisingependa kuyatafuta. Umri wangu si mkubwa sana lakini nimechoka kama mtu mkubwa.

Wiki iliyopita ilinyesha asubuhi. Mwalimu wa watoto wadogo alikuja kwangu kulalamika kwamba mjukuu wangu anachelewa mno siku hizi, na akiulizwa anasema papa alikuwa anasimama njiani. Nilimwambia aniachie mimi. Nikaenda kwenye lango. Gari lilikuwa limesimama mbali kidogo, na mkwe wangu alikuwa nje, chini ya kibati cha muuza mikate, bega moja linalowa, anavuta haraka haraka. Mtoto alikuwa ndani, amebandika uso kwenye kioo, anachora kwa kidole pale pumzi yake ilipotia ukungu. Nilifungua mlango, nikamfunika kwa kitenge changu, nikampeleka darasani.